Ngege ni yupi? Jina la aina na haki ya mnunuzi

Jumamosi mbili zilizopita nilisimama mbele ya meza ya mama mmoja auzaye samaki kando ya Ring Road, mtaani Nyalenda, Kisumu. Mezani palikuwa na samaki wa namna namna: wengine weusi wenye magamba yanayong'aa, wengine weupe ambao macho yao yalikuwa yamefifia. Nikamuuliza wale weusi ni samaki gani.

"Ni ngege, japuonj," akajibu. Huku kwetu ziwani, japuonj ni mwalimu.

"Na hawa weupe?"

"Hao pia ni ngege."

"Na wale walio kwenye karai?"

Akawatazama wateja wengine, akacheka. "Japuonj, hizi zote ni ngege. Kwani unataka samaki ikuje na kitambulisho?"

Sote tulicheka. Nilinunua samaki wangu wawili nikaenda zangu, lakini swali la mama yule lilinifuata hadi nyumbani. Ukiliondolea mzaha, ni swali ambalo mataifa mengi yamelitungia sheria. Je, chakula kinachouzwa kinahitaji kitambulisho? Na kama kinakihitaji, kiandikwe jina lipi? Leo ninadhamiria kulitazama suala hili kwa jicho la isimu, kwa sababu, nionavyo mimi, ni suala la lugha kabla ya kuwa la sheria au la biashara.

Tuanzie kwenye msingi. Chakula huweza kuitwa kwa majina ya ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni jina la jumla: samaki, mchele, divai. Ngazi ya pili ni jina la aina: ngege au mbuta kwa samaki, pishori kwa mchele. Ngazi ya tatu ni jina la mahali: samaki wa Dunga, mchele wa Mwea. Uhusiano wa ngazi ya kwanza na ya pili ndio wanaisimu huuita hiponimia. Kila ngege ni samaki, lakini si kila samaki ni ngege. Mnunuzi anayekubali kulipa bei ya juu halipii jina la jumla. Analipia ngazi ya pili, au ya tatu, au zote mbili kwa pamoja. Hapo ndipo udanganyifu hupenda kujificha. Hakuna atakayekuuzia kokoto akakuambia ni mchele. Atakuuzia mchele wa bei rahisi uliochanganywa, halafu auite pishori ya Mwea.

Tatizo ni kwamba majina haya hayatulii katika ngazi zake. Chukua neno zabibu. Katika Kiarabu, zabib ni tunda lililokaushwa. Tunda bichi lina jina lake tofauti, inab. Kiswahili kilipolipokea neno hilo kikalipanua, na leo mpishi wa pilau na mkulima wa Dodoma hulitumia neno lilo hilo kwa vitu viwili. Huo ni upanuzi wa maana. Nalo neno pishori huhusishwa na mji wa Peshawar, ulioko Pakistan. Jina la mahali likageuka kuwa jina la aina ya mchele unaopandwa Mwea. Mabadiliko ya namna hii si makosa hata kidogo. Lugha isiyohama imekufa. Lakini neno linapohama huku limebandikwa kwenye bei, kuna mtu anayelipia kuhama huko, na aghalabu mtu huyo hajui.

Tuje sasa kwa ngege wetu. Kwa wavuvi wa zamani wa Kijaluo, ngege halikuwa jina la kila samaki aliyefanana naye. Lilikuwa jina la spishi moja, ambayo mtaalamu Mwingereza Michael Graham aliieleza kisayansi mwaka 1928, wakati wa uchunguzi wake wa uvuvi katika Ziwa Viktoria. Jina lake la kisayansi leo ni Oreochromis esculentus. Neno hilo la pili ni la Kilatini na maana yake ni "anayelika", kwa hiyo hata mwanasayansi alikiri utamu wake. Kando ya ngege aliishi mbiru, Oreochromis variabilis. Kisha katika miaka ya 1950 akaletwa mgeni, Oreochromis niloticus, ambaye wavuvi wa upande wetu walimwita nyamami na wenzetu wa Tanzania humwita sato. Kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaletwa na mgeni wa pili, mla samaki wenzake, ambaye ni mbuta. Ngege wa asili alikuwa tayari amepunguzwa na nyavu. Wageni hawa wakamfinyia nafasi iliyosalia, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa karibu ametoweka katika ziwa kuu. Mpaka leo yupo katika maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli, katika kaunti ya Siaya.

Tazama basi kilichotokea katika lugha. Samaki aliondoka, jina likabaki, na nyamami akahamia ndani yake. Leo ukiagiza ngege hotelini Kisumu unaletewa nyamami, na hakuna anayehisi kwamba amedanganya au amedanganywa. Wanafunzi wangu kadhaa, watoto wa ziwani kabisa, nilipowauliza nyamami ni nani, mmoja aliniambia labda ni jina la mtu.

Kiingereza nacho hakituokoi. Neno tilapia, ambalo tumelizoea katika pakiti na menyu, lilibuniwa na mwanasayansi Andrew Smith mwaka 1840 liwe jina la jenasi, na wanaetimolojia hulihusisha na neno la Kitswana tlhapi, yaani "samaki". Baadaye wanasayansi wenyewe waliwahamisha ngege, mbiru na nyamami kutoka jenasi hiyo wakawatia katika Oreochromis. Biashara haikuhama nao. Kwa hiyo anayesoma tilapia kwenye pakiti amesoma jina la jumla lililovaa koti la jina la aina.

Hapa msomaji anaweza kuniuliza: ubaya uko wapi? Ngege wa kale hayuko sokoni, nyamami ni mtamu, jina limehamia kwake, basi yaishe. Ningekubali kama mambo yangekomea hapo. Lakini ile meza ya Nyalenda ilikuwa na samaki wa asili tatu. Wapo waliovuliwa ziwani usiku uliotangulia. Wapo waliofugwa katika vizimba vilivyotegwa majini. Na wapo waliofika katika katoni, wamegandishwa, kutoka Uchina. Wote watatu wanaitwa ngege. Hawa hawana bei moja, hawana umri mmoja tangu kufa kwao, na nyuma yao kuna riziki za watu tofauti: mvuvi wa Dunga, mfugaji wa vizimba, na mwagizaji ambaye huenda hajawahi kuliona ziwa.

Wasomaji watakumbuka mjadala uliovuma nchini mwishoni mwa mwaka 2018 kuhusu samaki kutoka Uchina. Tulizungumza juu ya ushuru, juu ya afya, juu ya marufuku. Jambo tulilolizungumza kwa uchache ni jina. Ilhali jina moja ndilo lililowezesha ushindani ule. Mgeni na mwenyeji wakiitwa jina moja, mnunuzi hana njia ya kumchagua mwenyeji hata kama anataka na yuko tayari kulipa zaidi.

Wengine hupendekeza kwamba tuandike jina la kisayansi, na mambo yatakuwa yameisha. La. Samaki wengi wanaofugwa Uchina na kuuzwa kama tilapia ni Oreochromis niloticus au chotara wake, yaani ni nyamami yule yule. Kuna kisa cha kuvutia hapa. Mwaka 1988 watafiti nchini Ufilipino walianza mradi wa kuboresha mbegu ya samaki huyu, na samaki waliozalishwa mwanzoni walikusanywa Misri, Ghana, Senegal na hapa Kenya. Mbegu iliyotokana na mradi huo ilifika Uchina katika miaka ya 1990. Kwa hiyo katoni inayoshushwa Kisumu huenda imebeba vitukuu vya samaki wa Kenya! Ukiandika jina la aina peke yake, umesema kweli lakini hujamsaidia mnunuzi. Jina la aina linahitaji kusindikizwa na jina la mahali, na kila moja likae mahali pake bila kulivaa jingine.

Waliolipambania jambo hili kwa muda mrefu zaidi ni watengenezaji wa divai, nasi tunaweza kujifunza kwao hata kama hatunywi. Kwanza neno lenyewe. Mvinyo tulilipata kutoka kwa Wareno, na divai likatoka kwa Wafaransa. Ukiingia katika duka kubwa lolote mjini Kisumu utaona chupa za Afrika Kusini zilizoandikwa Pinotage. Hilo ni jina la aina ya zabibu. Mwaka 1925 Profesa Abraham Perold wa Stellenbosch aliichavusha zabibu iitwayo Pinot noir kwa nyingine iliyoitwa huko Hermitage, na kutokana na majina ya wazazi hao wawili likaundwa jina la mtoto. Mwanafunzi wa isimu atatambua kuwa hilo ni hulutisho, kama tulivyounda chajio kutokana na chakula cha jioni.

Je, ni nani anayeruhusiwa kuliandika jina hilo kwenye chupa? Huko jibu ni la hesabu. Katika Umoja wa Ulaya, divai ikitajwa kwa jina la aina moja tu ya zabibu, sharti angalau asilimia 85 yake itokane na zabibu hiyo. Afrika Kusini kiwango ni hicho hicho cha 85. Marekani kwa kawaida ni asilimia 75. Anayechanganya chini ya hapo hajakatazwa kuuza. Amekatazwa tu kulitumia jina moja kana kwamba hakuchanganya. Naona hekima kubwa hapo, na ninatamani siku moja pakiti ya pishori ipimwe kwa kipimo kama hicho.

Ugumu ulizuka pale jina la aina lilipogongana na jina la mahali. Nchini Italia kulikuwa na zabibu iliyoitwa Tocai Friulano. Hungaria nao wana eneo la Tokaj, lenye divai mashuhuri tangu karne nyingi, ambayo kwa hakika hutengenezwa kwa zabibu nyingine kabisa. Majina yalifanana kwa sauti, watu wakachanganyikiwa, na baada ya mvutano mrefu Waitalia walilazimika kuacha kuliandika neno Tocai mwaka 2007. Sasa huandika Friulano.

Kisa cha pili ni cha ujanja zaidi. Prosecco ni kijiji karibu na mji wa Trieste, Italia. Likawa pia jina la zabibu, na likawa jina la divai yenye povu inayonywewa duniani kote. Maadamu lilikuwa jina la zabibu, mkulima yeyote, awe Australia au Brazili, angeweza kuupanda mzabibu huo na kuandika Prosecco kwenye chupa yake. Ndilo jina la mmea, utamkatazaje? Mwaka 2009 Waitalia wakafanya jambo ambalo sisi wanaisimu hatuna budi kulistaajabia. Waliibadilisha zabibu jina. Tangu hapo kwao huitwa Glera, na Prosecco likatengwa liwe jina la mahali pekee, likilindwa na sheria ya Ulaya. Wakulima wa Australia hawakufurahi, na ninaelewa kwa nini. Wao walipanda mmea wenye jina moja, wakaambiwa baadaye una jina jingine.

Usidhani kwamba haya ni ya mbali. Jirani zetu wa Tanzania wana kilimo cha zabibu Dodoma, na mojawapo ya aina nyekundu zinazopandwa huko huitwa Makutupora, ambalo ni jina la mahali katika mkoa huo huo penye kituo cha utafiti wa zabibu. Jiulize: mkulima wa Naivasha akiupanda mzabibu huo, je, aandike Makutupora kwenye chupa yake? Kama ni jina la aina, ana haki. Kama ni jina la mahali, anadanganya. Ni vyema jibu lipatikane kabla ya chupa kuwa nyingi, si baada ya hapo.

Sasa turudi ziwani na mafunzo hayo mkononi. Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa mbuta. Mkenya humwita mbuta, Mganda mputa, Mtanzania sangara. Jina lake la kisayansi ni Lates niloticus, yaani wa Nile, na Wafaransa humwita sangara wa Nile. Lakini sokoni Ujerumani anauzwa kwa jina Viktoriabarsch, sangara wa Viktoria. Samaki ambaye hakuwa mwenyeji wa ziwa hili, ambaye watu wa umri wangu walisimuliwa na wazazi wao siku alipoonekana mara ya kwanza, amepewa jina la ziwa lenyewe! Ngege aliyezaliwa humu hakupewa heshima hiyo.

Pamoja na hayo, mnunuzi wa Ulaya analindwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 1379 ya mwaka 2013 inataka samaki mbichi au aliyegandishwa anayeuzwa kwa mlaji atajwe kwa jina la biashara na jina la kisayansi. Kila nchi mwanachama huchapisha orodha yake ya majina ya biashara katika lugha yake, ili muuzaji asijibunie jina. Isemwe pia kama samaki alivuliwa au alifugwa. Kama alivuliwa katika maji baridi, ziwa au mto wenyewe utajwe na nchi yake. Kama aligandishwa kisha akayeyushwa, isemwe hivyo, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na kanuni.

Pima mwenyewe. Minofu ya mbuta inayotoka katika kiwanda hapa Kisumu kwenda Ulaya inabeba jina la aina, jina la ziwa na jina la nchi. Mifupa na kichwa cha samaki yuyo huyo, ambavyo tunaviita mgongo wazi na Watanzania huviita mapanki, hubaki hapa na kuuzwa mitaani bila jina lolote zaidi ya hilo la hali yake. Mgeni aliye mbali anaambiwa mengi kuhusu samaki wetu. Mwenyeji anayekaa hatua chache kutoka ufuoni anaambiwa "ngege". Na minofu ina hatari yake: ukiwa na samaki mzima, mwenye jicho atamtambua kwa magamba na mapezi. Akishakatwa minofu, hakuna kilichobaki cha kumtambulisha ila maandishi.

Je, sheria yetu imenyamaza? Haijanyamaza. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inaharamisha kukiwekea chakula lebo ya uongo au ya kupotosha kuhusu asili na ubora wake. Kanuni za kimataifa za Codex kuhusu vyakula vilivyofungashwa zinasema jina la chakula lionyeshe asili yake ya kweli, na kwa kawaida liwe mahususi badala ya kuwa la jumla. Nguzo zipo. Kinachokosekana ni msamiati wa kuzishikilia. Hakimu atasemaje kwamba fulani amepotosha watu kwa neno ngege, ikiwa neno lenyewe halijapewa mipaka?

Hapo ndipo kazi yetu sisi watu wa lugha inapoanzia. Ninapendekeza orodha fupi ya majina ya samaki wa ziwa hili, yenye safu tatu tu: jina la kisayansi, jina la kibiashara kwa Kiswahili, na majina ya kienyeji yanayokubalika. Wa kuiandaa tunao. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Samaki ya Kenya ina kituo hapa Kisumu. Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria liko Jinja. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar. Kwa kuwa ziwa ni moja na soko linazidi kuwa moja, orodha nayo iwe moja.

Naijua kazi hiyo haitakuwa rahisi, na mfano mmoja utaonyesha kwa nini. Omena wetu, ambaye Waganda humwita mukene, Tanzania ni dagaa. Ukisema tuchague dagaa kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili lililoenea, utakumbana na ukweli kwamba dagaa ni jina la jumla. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni samaki wa jamii nyingine kabisa, na dagaa wa baharini ni wengine tena. Dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma wanafanana kwa udogo na kwa kuanikwa juani tu. Hivyo neno la Kijaluo omena, ambalo baadhi ya wasanifishaji wangelikataa kwa kuwa si la pwani, ndilo lililo mahususi zaidi. Mimi ningelichukua kama lilivyo. Ningechukua pia nyamami au sato kwa Oreochromis niloticus, na ngege ningelihifadhia mwenyewe, yule wa Kanyaboli, iwe ni heshima na pia kumbukumbu. Wenzangu wengine watasema jina limeshahama na haliwezi kurudishwa. Huenda ni kweli katika mazungumzo. Siamini kwamba tunaweza kumwamuru mtu wa Nyalenda aache kuagiza ngege. Lakini lugha ya lebo si lugha ya mezani. Muitaliano naye angali anaweza kuuita mzabibu wake Prosecco akiwa shambani. Kilichobadilika ni maandishi ya chupa.

Kuna pingamizi moja ninalolichukulia kwa uzito. Kanuni za lebo zisije zikawa fimbo ya kuwachapia akina mama wa barabarani, huku mwenye makontena akipita. Nakubali. Ndiyo maana wajibu wa kwanza uwekwe kwa anayefungasha na anayeagiza kutoka nje: katoni iandikwe kwa Kiswahili pia, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, itaje aina, nchi, na kama samaki alifugwa au alivuliwa. Mama auzaye samaki atasoma hapo, naye awaambie wateja wake. Hahitaji mashine wala wakili. Anahitaji kipande cha kadibodi na kalamu.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwenye meza ile ile. Safari hii sikuuliza ni samaki gani. Nikasema, "Mama, nataka ya ziwa, si nyingine." Hakusita hata kidogo. Akaanza kugawa kwa kidole: "Hizi ni za Dunga, zimetoka asubuhi. Hizi ni za keji. Hizo za karai ni za China." Kila kundi akalitajia bei yake. Samaki niliokuwa nimenunua juma lililotangulia, nikiamini ni wa ziwa, walikuwa wametoka kwenye kizimba.

"Mbona hukuniambia siku ile?" nikamuuliza.

"Hukuuliza, japuonj. Uliuliza ni samaki gani, nikakuambia ni ngege. Si ni ngege?"

Sikuwa na jibu. Hakuwa amenidanganya. Maarifa yote aliyohitaji mnunuzi yalikuwepo pale mezani, kichwani mwa mwenye kuuza, tena kwa Kiswahili chepesi: ya ziwa, ya keji, ya China. Neno moja pana lilikuwa limeyafunika. Nilimwomba kadibodi ya katoni yake nikamwandikia vibao vitatu. Kimoja alikikataa akicheka, akisema hicho kitamfukuzia wateja. Nadhani wasomaji watajua ni kipi.